Ombi la ukarabati wa shule hufia wapi

Barua ya kuomba ukarabati wa madarasa ikifika halmashauri, haifunguliwi na mtu mwenye fedha mkononi. Inapokelewa masjala, inagongwa muhuri, inapanda kwa Mkurugenzi, kisha inashuka kwa Afisa Elimu ikiwa na maneno mawili ya kalamu nyekundu pembeni: "Shughulikia tafadhali." Afisa Elimu anatazama orodha ya shule zilizomo kwenye bajeti. Kama shule hiyo haimo, barua inawekwa kwenye faili. Haijakataliwa, imehifadhiwa tu, na mwaka ujao itaandikwa nyingine inayofanana nayo.

Walimu wakuu wengi, na kamati zao, huiona barua hiyo kuwa ndiyo ombi lenyewe, kumbe barua ni bahasha tu. Ombi lenyewe ni tarakimu ambazo zinapaswa kuwa zimeshaandikwa mahali panne: kwenye takwimu za sensa ya elimu, kwenye mpango wa maendeleo wa shule, kwenye muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kwenye makadirio ya mhandisi wa halmashauri. Zikilingana, shule ina ombi. Zikipishana, yaani sensa inasema vyumba vibovu vitatu, mpango unasema viwili, kata imeandika "madarasa" bila idadi na mhandisi amekadiria kimoja, basi hakuna mchumi wa halmashauri atakayejichosha kutafuta ukweli uko wapi wakati shule nyingine kadhaa ziko kwenye foleni na karatasi zao zimekaa sawa.

Fedha zenyewe zinatoka wapi

Hakuna mfuko mmoja unaoitwa ruzuku ya ukarabati. Kuna mifuko kadhaa, kila mmoja una mlango wake, na kugonga mlango usio wako ni kupoteza mwaka.

Mfuko wa kwanza uko shuleni tayari. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, kila mwanafunzi wa shule ya msingi anahesabiwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu na 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule. Sekondari ni 25,000, na nusu yake, 12,500, ndiyo hufika shuleni. Sehemu ya fedha hii imekusudiwa ukarabati mdogo. Chukua shule ya msingi yenye watoto 640. Kwa mwaka inapata 3,840,000, sawa na 320,000 kwa mwezi, na humo humo mna chaki, mitihani, karatasi na michezo. Hata theluthi nzima ikielekezwa kwenye majengo ni 1,280,000. Fedha hiyo inabadilisha bawaba na vitasa, inaziba nyufa, inapaka rangi chumba. Haiezeki paa.

Lakini isidharauliwe, kwa sababu ndiyo swali la kwanza la mkaguzi. Paa lililooza kwa sababu msumari mmoja ulilegea na maji yakapita miaka mitano juu ya kenchi ileile halihesabiwi kuwa uchakavu, ni uzembe. Shule inayoonyesha vocha za misumari, kofia za paa na rangi ya mafuta inasikilizwa inapoomba kikubwa.

Mfuko wa pili ni mapato ya ndani ya halmashauri. Hapa mahali unapoishi panaamua mengi. Chukua mkoa wa Dodoma: Jiji la Dodoma lina viwanja, stendi na soko la Job Ndugai. Kongwa ina ushuru wa soko la mahindi la Kibaigwa. Chemba hutegemea zaidi ushuru wa ufuta, alizeti na mifugo, na mvua ikikatika mapema, ushuru nao hukatika. Kwa hiyo ombi la vyumba vinne linalopita kirahisi mjini linaweza kuwa kubwa mno vijijini, na ni busara kuliandika kwa awamu: chumba kibovu kuliko vyote kwanza.

Mfuko wa tatu ni wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Kamati yake inaongozwa na mbunge, na jina lake kamili linaeleza kazi yake: kuchochea maendeleo. Mara nyingi hutoa bati, saruji na mbao kwa kazi ambayo wananchi wameshaianza. Ukiuomba ujenge tangu msingi, unauomba kitu ambacho haukuumbiwa. Ukiupelekea boma lililofika lenta na muhtasari wa mkutano wa kijiji unaoonyesha nani alisomba mawe na mchanga, una nafasi nzuri.

Mfuko wa nne ni wa Elimu wa Taifa, unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, chini ya Sheria ya Mfuko wa Elimu Na. 8 ya 2001. Hutoa ruzuku kwa madarasa, maabara, mabweni, nyumba za walimu na matundu ya vyoo, na shule za umma hupita kwa halmashauri zao. Huu ndio unaofanana zaidi na "kuomba ruzuku" kama watu wanavyolielewa neno hilo: kuna andiko, kuna uhakiki wa eneo, kuna makubaliano yanayotiwa saini, kuna ufuatiliaji. Ndiyo maana unadai karatasi nyingi kuliko mingine.

Mwisho ni programu kubwa za serikali, kama BOOST kwa awali na msingi na SEQUIP kwa sekondari. Hizi haziandikiwi barua. Shule huchaguliwa kutokana na takwimu zilizomo kwenye mifumo, na fedha hushuka zikiwa na jina la shule. Mwalimu mkuu anayeshangaa kwa nini shule jirani imepata na yake imekosa aanze kwa kutazama fomu ya sensa aliyoijaza mwenyewe. Alipoandika vyumba vilivyopo ni 9 bila kuonyesha kwamba viwili havikaliki, alisema kwa mkono wake kwamba hana shida.

Viwango vinavyotumika kupima upungufu vinajulikana: wanafunzi 45 kwa chumba katika msingi, 40 katika sekondari, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule ya watoto 640 inahitaji vyumba 15 na si 14, kwa sababu 640 ukigawa kwa 45 unapata 14 na baki ya watoto kumi, na hao kumi hawakai nje.

Sekondari zina hesabu ya ziada. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umefanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, na waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza la saba. Mikupuo miwili itabisha hodi kidato cha kwanza Januari 2028. Mkuu wa shule anayeomba leo kwa kutumia idadi ya leo anaomba pungufu.

Kalenda isiyosubiri mtu

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Bunge hukaa na bajeti kati ya Aprili na Juni. Lakini halmashauri huandaa mipango yake na kuiingiza kwenye PlanRep, mfumo wa serikali wa mipango na bajeti, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Januari, na Baraza la Madiwani huipitisha Januari au Februari. Geuza hesabu hiyo uone maana yake: upepo ukiezua paa mwezi wa pili na barua ikaandikwa wiki hiyohiyo, bajeti ya Julai inayokuja imeshafungwa. Njia ya kawaida inaisubirisha shule hadi Julai ya mwaka unaofuata, karibu miezi 17.

Kwa hiyo kazi ya shule ni ya Agosti hadi Oktoba. Kamati ya Shule, au Bodi kwa sekondari, inakaa na kupanga vipaumbele. Vinapelekwa serikali ya kijiji na Mkutano Mkuu wa Kijiji, au mtaa kwa walio mjini. Kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani anaongoza na mtendaji wa kata anaandika. Hapa ndipo maombi mengi hupoteza umbo. Mtendaji akiandika "ukarabati wa madarasa shule za kata," shule tano zimegeuzwa kuwa sentensi moja. Afisa Elimu Kata aliyemo ukumbini ahakikishe muhtasari unataja shule, namba ya usajili, jengo, idadi ya vyumba na nafasi ya kipaumbele. Diwani atakayelitetea ombi mbele ya Kamati ya Fedha hana kingine cha kushika zaidi ya ukurasa huo.

Paa lililoezuliwa lina njia nyingine, ya maafa. Taarifa itoke siku hiyohiyo kwa mtendaji wa kijiji, ipande kata hadi kamati ya maafa ya wilaya, ikiwa na picha zinazoonyesha jengo zima na kuta zilizobaki, si bati zilizokunjamana peke yake. Idadi ya watoto waliokosa pa kukaa iandikwe. Njia hii haina uhakika wa fedha, ila inaweka tarehe rasmi ya tukio, na bila tarehe hiyo mtu atakuja kusema jengo lilibomoka kwa uzee.

Kulisoma jengo kabla ya kulikadiria

Neno "chakavu" halina bei. Mhandisi anakadiria kitu alichokiona na kukipima, na shule inaweza kumrahisishia kazi.

Umri wa jengo unasema mengi. Mkoani Dodoma shule nyingi za zamani ni za wakati wa vijiji vya ujamaa, Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 na miaka iliyofuata. Humo mara nyingi utakuta tofali zilizounganishwa kwa udongo, msingi mfupi, na ukuta usio na lenta inayozunguka jengo zima. Kizazi cha pili ni cha MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, 2002 hadi 2006, vyumba vilivyojengwa kwa haraka ili kupokea watoto waliofurika ada ilipofutwa, na udhaifu wake mara nyingi uko sakafuni na kwenye paa. Kizazi cha tatu ni vyumba vya fedha za UVIKO-19, 15,000 nchi nzima kwa shilingi milioni 20 kila kimoja. Bei hiyo ya 2021 bado inanukuliwa kwenye maombi ya leo kana kwamba saruji na nondo zilisimama.

Tazama nyufa. Nywele nyembamba kwenye plasta hazina shida. Ufa unaopanda kimshazari kutoka pembe ya dirisha, unaoingiza sarafu, na unaoonekana ndani na nje mahali pamoja, unasema msingi umeshuka. Kabla ya kumwita mhandisi, bandikeni tone la jipsamu juu ya ufa sehemu mbili tatu na kuandika tarehe kwa penseli pembeni. Likipasuka baada ya wiki au miezi, jengo bado linatembea, na picha ya tone lililopasuka ina nguvu kuliko aya nzima ya malalamiko.

Ukanda wa Bahi na mabonde mengine yenye udongo mweusi wa mbuga yana ugonjwa wake. Udongo huo husinyaa na kupasuka Agosti hadi Oktoba, kisha mvua za Desemba zikianza huvimba. Jengo hupanda na kushuka kila mwaka. Kuomba plasta na rangi kwa jengo la namna hiyo ni kupaka wanja jicho linaloumwa: mwaka haupiti, ufa umerudi mahali palepale na taarifa ya mkaguzi inasema kazi ilifanywa chini ya kiwango. Kinachoombwa hapo ni kuzuia maji yasifike kwenye msingi. Njia ya zege ya upana wa mita moja kuzunguka jengo, mtaro wa kuyaongoza maji mbali, mifereji ya bati kwenye paa, na miti iliyo karibu mno na ukuta kuondolewa. Kama ni jengo jipya, udongo mweusi uchimbwe utolewe na kujazwa moramu iliyoshindiliwa, na hilo liwe mstari wake kwenye BOQ, yaani orodha ya vifaa na kazi yenye vipimo na bei, kwa sababu ramani ya kawaida imechorwa kwa ardhi ya kawaida.

Unga mweupe ukutani, plasta inayovuvumka kama keki chini ya usawa wa madirisha: hiyo ni chumvi. Maji ya visima vingi vya kanda ya kati ni ya chumvi, na mafundi huyatumia kwa sababu ndiyo yaliyopo. Ukutani yanaharibu plasta, kwenye zege lenye nondo yanazila nondo taratibu. Plasta ya namna hiyo ibanduliwe hadi kwenye tofali. Kuipaka mpya juu yake ni kuongeza unene wa kitakachoanguka.

Paa linaloruka huwa lina sababu moja kubwa: kenchi zimekaa juu ya ukuta kwa uzito wake tu. Mvua ya kwanza, Novemba au Desemba, huja na upepo wa kuingilia chini ya varanda na kuinua paa zima kama mfuniko wa sufuria. Dawa yake ni vyuma vilivyozamishwa kwenye lenta kabla zege halijamwagwa, vikakunjwa juu ya kenchi na kufungwa. Kwa jengo la zamani, vipande vya chuma hufungwa kwa bolti kwenye ukuta, si kwa misumari. Kisha bati: geji 28 ni nene kuliko geji 30, ingawa namba inadanganya jicho. BOQ iliyoandika "bati" bila geji inamruhusu muuzaji kuleta jepesi kuliko yote dukani, na kamati ya mapokezi haitakuwa na msingi wa kulirudisha. Mbao nazo ziandikwe kuwa zimewekwa dawa. Mchwa wa Dodoma hawana haraka, lakini hawasahau.

Shule kongwe zenye mapaa ya asbesto, yale mabamba ya kijivu yasiyo ya chuma, zisithubutu kumpa fundi nyundo ayavunje. Vumbi lake ni sumu ya mapafu. Ombi litaje asbesto kwa jina, kwa sababu kuondoa na kuzika mabamba hayo kuna utaratibu wa mazingira na gharama yake, na gharama hiyo isipoombwa mwanzo itaibuka katikati ya kazi.

Sakafu moja kwa karibu

Sakafu ndiyo inayokosewa zaidi kwenye makadirio, kwa hiyo tuihesabu. Chumba cha mita 9 kwa 7 kina mita za mraba 63. Jamvi la zege la sentimita 10 ni mita za ujazo 6.3. Kwa uwiano wa 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto, kila mita ya ujazo inakula kama mifuko sita na nusu ya kilo 50, jumla mifuko 40 hivi. Juu yake tabaka la kumalizia la sentimita 3 kwa uwiano wa 1:3 ni karibu mita za ujazo 1.9, mifuko 19. Chumba kimoja, mifuko 60.

Lakini je, jamvi limekufa kweli? Gonga kwa nyundo hatua kwa hatua. Panapolia kama debe tupu, tabaka la juu limeachana na jamvi. Panapolia zito, jamvi ni zima. Chumba ambacho tabaka la juu tu ndilo lililoliwa kinahitaji ile mifuko 19 pamoja na kazi ya kubandua na kukwaruza ili tabaka jipya lishike. Shule iliyoomba 60 kwa kila chumba bila kugonga imejinyima kukarabati vyumba vitatu kwa saruji ya kimoja.

Sakafu iliyoliwa miaka miwili baada ya kumwagwa ina wahalifu wawili. Mmoja ni mchanga wa korongo wenye tope. Chukua chupa ya maji ya plastiki inayoonyesha ndani, jaza mchanga nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha itulie saa tatu. Tope litakaa juu ya mchanga kama utando wa rangi tofauti. Likizidi takriban asilimia 8 ya kimo cha mchanga, gari hilo la mchanga lirudi lilikotoka au lioshwe. Mhalifu wa pili ni kiu. Zege lisilomwagiliwa siku saba juani Dodoma hukauka kabla halijakomaa, na uso wake unabaki unga. Mita za mraba 63 kwa lita 5 kila moja, mara moja kwa siku, siku saba, ni lita 2,205, mbali na lita elfu moja na zaidi za kuchanganyia. BOQ nyingi hazina mstari wa maji kabisa. Mwandishi wake alikuwa mahali penye bomba. Septemba, kijijini ambako maji yanaletwa kwa mkokoteni wa punda na kuuzwa kwa dumu, mstari huo ndio unaoamua kama sakafu itadumu.

Mstari mwingine unaosahaulika ni njia ya mtoto mwenye ulemavu. Mteremko unaopitika kwa kiti cha magurudumu ni moja kwa kumi na mbili, kwa hiyo sakafu iliyoinuka sentimita 45 inahitaji njia ya mita 5.4. Vipande vya mita mbili vinavyoonekana mbele ya madarasa mengi ni mapambo, na kiti kikiteremkia hapo kinaanguka.

Mifereji ya bati isikatwe kwenye makadirio kwa kuonekana ya anasa. Paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 550, kiasi cha kawaida kwa mwaka wa Dodoma, hata ukitoa humusi moja kwa upotevu linakusanya lita 35,000. Tangi la lita 5,000 linajaa kwa mvua mbili tatu nzuri, na msingi unapona.

Aya inayobeba ombi

Barua yenyewe, baada ya yote hayo, huwa fupi. Linganisha. Ya kwanza: "Tunaomba msaada wa ukarabati wa madarasa yetu chakavu ili kuboresha taaluma." Ya pili, kwa shule ya mfano: "Vyumba viwili, Na. 3 na 4, jengo la 1974, havitumiki tangu Machi. Ukuta wa mashariki umepasuka na kenchi sita zimeliwa na mchwa. Wanafunzi 118 wa darasa la tano na la sita wamehamishiwa vyumba vingine, na chumba Na. 1 sasa kina watoto 97. Mhandisi alikagua na makadirio yameambatishwa. Kijiji kimeshasomba tripu nne za mawe. Kipaumbele Na. 1 katika muhtasari wa kata." Hakuna kuomba huruma, na hakuna swali ambalo msomaji atabaki nalo.

Viambatisho: muhtasari wa Kamati ya Shule wenye sahihi, wa kijiji, wa kata, makadirio, picha zenye tarehe, taarifa ya Mthibiti Ubora wa Shule kama inataja jengo hilo, na uthibitisho wa eneo la shule na mipaka yake. Hili la mwisho linaangusha shule za pembezoni mwa jiji, ambako viwanja vimepimwa hadi mlangoni na jirani ana hati inayogusa uwanja wa mpira. Mchango wa wananchi uandikwe kama ulivyo, wa hiari. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hakuchangia tofali, na mwalimu hashiki fedha hizo.

Fedha zikishaingia

Kazi za ngazi ya shule hufanywa kwa fosi akaunti: shule inanunua vifaa na kumlipa fundi ujira. Zinaundwa kamati tatu, ya ujenzi, ya ununuzi na ya mapokezi, na mtu mmoja hakai kwenye mbili. Vijijini sheria hiyo hukanyagwa bila nia mbaya, kwa sababu wanaojua kusoma BOQ ni wachache, lakini mkaguzi hasomi nia. Ununuzi unapita kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma uliochukua nafasi ya TANePS 2023, mwaka ilipotungwa Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10. Fundi mzuri wa kijiji ambaye hajasajiliwa humo hatalipika. Asajiliwe wakati ombi bado linasubiri, si wiki ambayo fedha zimeingia na mtandao wa kata unakatika kila saa.

Jambo la bei. Mnunuzi wa serikali anakata kodi ya zuio, asilimia 2 kwa vifaa na 5 kwa huduma, na anadai risiti ya EFD. Muuzaji anayajua hayo na anayaweka kwenye bei. Makadirio yaliyojazwa kwa bei aliyoambiwa mteja wa mfuko mmoja dukani, bila usafiri hadi eneo la kazi, huisha bati likiwa nusu.

Akaunti nayo ina mitego. Mwalimu mkuu amehamishwa na mtia saini benki bado ni yeye. Jina la akaunti linatofautiana herufi moja na lililo kwenye mfumo. Fedha hugoma njiani kwa mambo kama hayo, na mara nyingi zimetoka zikiwa zimechelewa, Mei au Juni. Ifikapo 30 Juni, zilizobaki bila kutumika zinahitaji kibali cha kuvuka mwaka, kwa hiyo ununuzi wa vifaa vikubwa uwe umeshaandaliwa kabla.

Mkataba wa fundi ubakize sehemu ya malipo ya mwisho hadi mvua ya kwanza ipite juu ya paa. Kiasi na masharti viandikwe, si kuambiana kwa mdomo. Kamati ya mapokezi ihesabu bati zinaposhushwa, isome geji iliyopigwa chapa kwenye bati lenyewe, iandike, isaini. Mifuko mitupu ya saruji itunzwe hadi ukaguzi uishe. Ni njia nyepesi ya kujibu swali la ilikwenda wapi.

Taarifa ya matumizi iingizwe kwenye FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za shule na vituo vya huduma, na picha za kabla na baada zipelekwe kwa aliyetoa fedha. Na fomu ya sensa inayofuata ihamishe vile vyumba viwili vya shule ya mfano kutoka safu ya vibovu kwenda safu ya vizima. Wengi huiacha kama ilivyo, wakihofia kwamba shule yenye vyumba vizima haitakumbukwa tena. Mchumi anayefungua mfumo ataona milioni kadhaa zimeshuka, taarifa inasema kazi imekamilika, na sensa bado inasema vyumba viwili havikaliki. Tarakimu zimepishana tena, na ombi la matundu ya vyoo lililoko juu ya meza yake linarudi kwenye faili.